Fundi Jabiri Angoja Jibu

Watu wa Sultan Hamud wakitaka kukueleza Jabiri ni nani, walianza na magodoro. "Ni yule fundi wa magodoro, nyuma ya msikiti." Wachache waliongeza kwamba alikuwa pia mshairi, na hilo walilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekudokezea kwamba jirani yake ana kifafa. Kwangu mimi ilikuwa kinyume. Nilikuwa karani wa posta pale, na magodoro yake sikuyahitaji, kwa maana nilikuwa na langu la sponji kama watu wengine wa mshahara. Jabiri niliyemjua ni yule aliyekuja dirishani mwangu na bahasha ya kwenda gazetini mkononi, akaniomba nipige mhuri polepole usije ukatoboa karatasi.

Nisieleweke vibaya. Mimi si mpenzi wa mashairi. Shuleni kwetu Zombe mwalimu alitukaririsha beti kwa fimbo, na mpaka leo nikisikia neno mizani mkono wangu hujikunja wenyewe. Lakini posta ilinipeleka Sultan Hamud nikiwa sijui mtu, nikapewa chumba kimoja karibu na stesheni, na mtu wa kwanza kuniuliza nimekula nini alikuwa Esha, mke wa Jabiri. Kwa hiyo mambo ya nyumba ile nayajua.

Baba yake Jabiri alifuata reli kutoka Pwani, akaoa hapo, akafia hapo. Jabiri mwenyewe Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Ila Kiswahili chake hakuwa na wa kukizungumza naye, isipokuwa imamu, ambaye alikuwa na haraka siku zote, na Esha. Hawakujaliwa watoto. Mchana kutwa walikaa barazani, Jabiri anashona huku akitunga kwa sauti, Esha anachambua sufi ya kujazia magodoro. Akikwama kwenye kina, Esha alimtupia neno bila kuinua macho. Nusu ya vina vya Jabiri vilikuwa vya Esha, na mzee hakuficha.

Kwa asiyejua mambo ya washairi wa gazetini, wacha nieleze. Hawa watu hawaandiki wakamaliza. Mmoja hutoa swali, halafu chini anaweka jina lake na sanduku lake la posta, ili atakayejibu ajue anamjibu nani. Na jibu lazima lifuate vina vile vile vya muulizaji. Mshairi akikosa jibu ni sawa na mtu aliyepiga hodi akasikia wenye nyumba wanaendelea kula.

Sasa jina na sanduku la posta vikishatoka gazetini, si washairi peke yao wanaoviona. Huko Nairobi kulikuwa na kampuni zenye watu wa kukusanya anwani, nao hawakujali umeandika nini juu ya anwani hiyo. Ndiyo maana sanduku la Jabiri lilijaa barua za kibiashara kuliko la tajiri yeyote wa mji ule. Nyingi zilikuwa za Kiingereza, na kazi ya kumfasiria ilikuwa yangu.

"Mzee, leo umeandikiwa na watu wa trekta."

"Wanataka nini?"

"Wanasema wewe ni mkulima mkubwa. Wako na trekta mpya, uende uione Nairobi."

"Mimi? Nalima wapi?"

"Mimi sijui. Pengine wewe ndio unajua shamba yako umeificha wapi."

Barua nyingine ilimwita mkurugenzi. Hiyo ilimsumbua wiki nzima. "Muthoki mwanangu," akaniuliza, "mkurugenzi wa nini? Wa sufi masikioni?" Kuna waliomwalika hotelini kujifunza kusafirisha bidhaa ng'ambo. Kuna waliotaka kumchimbia kisima. Akizipeleka nyumbani, Esha alizijibu kwa mdomo. "Hawa wa trekta waambie tutaifunga wapi, kwenye mguu wa kitanda?" Mzee akarudi kwangu kesho yake na kunihadithia jibu hilo kana kwamba limetoka redioni. Tulicheka sana miaka hiyo.

Esha alifariki mwaka wa ile njaa ya mahindi ya manjano. Hakufa kwa njaa; ni kifua kilichomchukua, kwa siku chache tu. Nilienda mazishini na leso kichwani, nikasimama na wanawake, nikalia kama nimefiwa na mama yangu. Baada ya hapo Jabiri aliendelea kuja posta, lakini bahasha ya gazeti hakuwa nayo tena.

Karibu mwaka ulipita hivyo, ndipo akaja na shairi. Na ili ulielewe, lazima ujue kidogo kuhusu sufi. Godoro la sufi ukililalia muda mrefu, sufi hushikana na kubonyea pale mwili ulipozoea. Hapo fundi huitwa. Hufumua mshono, akatoa sufi yote, akaichambua na kuichapa kwa fimbo mpaka ivimbe, kisha akairudisha na kuishona kwa shazia, ile sindano ndefu ya magunia. Akimaliza, godoro limesimama upya na huwezi kujua nani alilala wapi. Jabiri aliwafanyia watu kazi hiyo kila siku. Lake mwenyewe hakuligusa. Upande wa Esha ulikuwa bado na bonde lake.

Ubeti wa kwanza alinisomea dirishani, watu wakiwa kwenye foleni, naye hakujali:

Godoro langu chumbani, upande limebonyea,
Alipolala mwandani, sufi haijarejea,
Nilifumue jamani, ama nizidi ngojea?
Malenga niambieni, fundi nimepotelea.

Mwanamume mmoja nyuma yake akakohoa, akasema ana telegramu. Nikapiga mhuri polepole kama kawaida.

Shairi likatoka. Jabiri akaanza kungoja jibu, na hapo ndipo nilipoujua upweke wa mtu ulivyo ukiutazama kila siku kutoka ng'ambo ya kaunta. Alikuja asubuhi kabla sijafungua magunia ya barua. Alikuja tena jioni, eti amepita tu. Gazeti lilikuwa likija na basi, akalinunua na kulisoma akiwa amesimama pale pale barabarani, ukurasa wa mashairi kwanza, kisha akalikunja. Malenga wa nchi nzima walikuwa wanabishana juu ya kitu gani bora, mali au elimu. Wa kumjibu fundi wa godoro hakutokea.

Zilizokuja ni zile nyingine. Pampu, mbolea, bima ya moto. Nilizifasiri kwa haraka siku hizo, na yeye hakuniuliza swali wala kucheka. Alizikunja, akasema asante, akaondoka.

Halafu ikaja moja ya Kiswahili. Aliifungua mwenyewe mbele yangu, akaisoma, akaketi kwenye benchi la wanaongojea simu. Nikadhani amepata habari ya msiba.

"Mzee, kuna nini?"

"Nimejibiwa."

Akanipa karatasi. Ilitoka kwa kampuni moja ya magodoro ya sponji. Ilisema hivi: *Mpendwa Bwana Jabiri. Je, godoro lako limebonyea? Usiendelee kuteseka. Litupe! Wakati wa kupata godoro jipya ni sasa.*

"Mzee," nikasema, "hawa ni watu wa kampuni. Hii wanatumia kila mtu."

"Kila mtu godoro lake limebonyea?"

"Yangu iko sawa."

"Na wewe wamekuandikia?"

Kusema kweli, mimi hawakuwa wameniandikia.

"Basi," akasema. "Nimeuliza nifumue au ningoje. Wao wanasema nitupe. Ni jibu la mtu asiye na adabu, tena hawakufuata vina. Lakini wamenisoma. Siwezi kunyamaza."

Kesho yake akaleta bahasha ya kwenda kwenye kampuni ile, beti nne ndani yake, vina vile vile. Alikuwa amenyoa ndevu. Aliwaeleza, kwa heshima zote, kwamba godoro halitupwi kama ganda la ndizi, na akawauliza kama wao wenyewe wamewahi kulala karibu na mtu. Nilitaka kumkataza. Lakini mtu aliyenyoa ndevu kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, unaanzaje kumkataza? Nikapiga mhuri.

Haikuchukua muda, ikaja ya pili. *Mpendwa Bwana Jabiri. Bado unasitasita? Tunakuelewa. Si rahisi kuachana na kitu ulichokizoea.*

Nilipoisoma nikashika kichwa. Ni nani huko Nairobi aliyekuwa anaandika maneno haya? Jabiri aliisoma akiwa amesimama, na machozi yakamtoka mbele ya watu, bila aibu yoyote. "Unaona?" akaniambia. "Wanaelewa. Wanasema si rahisi." Aliiweka kwenye mfuko wa koti, upande wa moyo, na nadhani hakuitoa humo hata wakati wa kulala. Aliwatungia jibu refu. Akaanza kusalimia watu tena sokoni. Mama wauza ndengu waliniuliza kama mzee anaoa.

Iliendelea hivyo mpaka siku Mutie alipokuja kuchukua barua zake. Mutie alikuwa na duka la jumla karibu na barabara kuu, mtu mnene, mcheshi, asiyeweza kusoma kitu kimya kimya. Jabiri alikuwa dirishani ananunua stempu.

"Wacha nione hawa wanataka nini," Mutie akasema, akapasua bahasha. "'Mpendwa Bwana Mutie. Bado unasitasita? Tunakuelewa.' Ai! Mnaelewa nini nyinyi? 'Si rahisi kuachana na kitu ulichokizoea.' Sikia hawa! Wanaongea kama mama wa kanisa! Ni godoro wanauza! Na godoro yangu wamejulia wapi?"

Foleni yote ikacheka. Hata mimi ningecheka kama Jabiri hangekuwa pale.

Mzee alitoa karatasi yake mfukoni, akaikunjua, akaiweka juu ya kaunta. Akamwomba Mutie yake, akailaza kando. Tukazitazama sote watatu. Zilikuwa sawa, mpaka doa la wino juu ya neno *rahisi* lilikuwa mahali pale pale. Majina tu yalikuwa yamepigwa taipu baadaye, yamepinda kidogo.

Jabiri akainua uso. "Mutie," akauliza, na alikuwa anauliza kweli, "na wewe umefiwa?"

"Mimi? Hapana, mzee. Mama Kivuva yuko tu hapo dukani."

"Alhamdulillahi," akasema Jabiri. Akazikunja zote mbili, akamrudishia Mutie yake, akatoka. Stempu alizonunua zikabaki kwenye kaunta.

Hakuja siku ya pili wala ya tatu. Sanduku lake likaanza kujaa. Nilikuwa nasukuma barua humo kwa nyuma, trekta, pampu, bima, mpaka zikakataa kuingia. Nilikasirika. Nilizikasirikia kampuni, nikamkasirikia Mutie na mdomo wake, nikawakasirikia malenga wa nchi nzima na mali na elimu yao. Jumamosi nilipofunga posta, nilizifunga barua kwa uzi nikampelekea.

Nilimkuta barazani anashona godoro la mtu. Upande wa pili wa mkeka, pale Esha alipokuwa akichambulia, hapakuwa na kitu, na mzee alikuwa amekaa vile vile ukingoni, kana kwamba bado anamwachia mtu nafasi.

"Barua zako, mzee."

"Hizo si zangu. Ni za kila mtu."

Nikaziweka chini. Nikamwomba anisomee lile shairi, lote. Alilighani kwa sauti ya chini, macho kwenye mshono. Sikuwa nimelisikia zaidi ya ubeti wa kwanza. Lilisema mambo ya ndani sana, jinsi anavyolala ukutani asije akaliharibu bonde, jinsi anavyoweka mkono pale alfajiri na kuutoa. Alipomaliza nilikuwa nalia.

"Ni nzuri, mzee. Nzuri sana."

"Imamu pia ameniambia nzuri. Nzuri si jibu, mwanangu."

Hapo nikachemka. "Haya, basi mimi nakujibu! Vina sijui, lakini mdomo niko nao. Lifumue! Unalala kwa ukuta kama mjusi, mgongo umeanza kupinda, kila mtu anaona. Hiyo shimo haiwezi kukurudishia mtu."

Shazia ikasimama. Nilidhani nimemkosea. Akanitazama kwa upole, akasema, "Umesema kweli, Muthoki. Ila si wewe niliyekuwa nakuuliza."

"Si uliuliza malenga?"

"Wala si wao," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia jambo hilo mwenyewe. Akarudia kushona. Niliaga, sikuitikiwa, nikaenda chumbani kwangu nikakaa kitandani bila kuwasha redio. Nilikuwa nimeudhika, tena nimeumia, na sikuwa na mtu wa kumweleza.

Wiki iliyofuata alikuja na bahasha ya gazeti. Hakusema ndani mna nini. Nilijua tu ni nyembamba kuliko kawaida yake. Ilipochapishwa, alileta gazeti lenyewe, akaliweka kwenye kaunta, akanielekeza kwa kidole. Kichwa kilikuwa *Jibu kwa Fundi*. Chini palikuwa na jina la Bi. Esha Salim, sanduku la posta lile lile, Sultan Hamud.

Fumua ewe mwandani, sufi ipate enea,
Mimi simo mle ndani, ulalapo kungojea,
Lala kati kitandani, upate jinyooshea,
Mkeo nakuamini, fundi hujapotelea.

Nilisoma mara mbili. Mzee alikuwa ananitazama usoni.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Amesemaje?"

Sijui hata leo kama alikuwa anacheza nami au la. Sikuona dalili ya mchezo usoni mwake. "Amesema ulifumue," nikajibu.

"Na vina amefuata?"

"Mimi sijui vina, mzee. Lakini naona vinaenda sawa."

"Anafuata siku zote," akasema. "Basi sina budi."

Nilipita huko kesho yake wakati wa chakula cha mchana, nikijifanya naenda kununua nyanya. Sufi yote ilikuwa nje juani, juu ya mkeka, nyeupe, na Jabiri ameshika fimbo anaichapa. Alikuwa anachapa na kusimama, anachapa na kusimama. Nyuzi nyuzi zilikuwa zimemganda kwenye nyusi na kofia. Sikumsemesha. Nilinunua nyanya nisizozihitaji nikarudi kazini.

Baada ya hapo alikaa vizuri. Mgongo ulinyooka. Alianza kujibu mashairi ya watu wengine, akaingia hata kwenye ule ubishi wa mali na elimu, akazichapa pande zote mbili. Nilianza kuamini kwamba jambo limekwisha.

Ndipo nikafungua gunia asubuhi moja nikakuta bahasha kutoka kampuni ya vyerehani, na juu yake jina limepigwa taipu: Bi. Esha Salim.

Nilikaa nayo mkononi. Bila shaka. Jina lilitoka gazetini na sanduku la posta, kama la mzee, na mkusanya anwani wa Nairobi akaliokota. Kwake yeye kulikuwa na mama mmoja Sultan Hamud, mwenye macho na mikono, anayehitaji cherehani. Ningeweza kuirudisha kimya kimya, lakini barua ya sanduku hairudishwi kabla mwenye sanduku hajaiona, na mimi sikuzoea kumficha Jabiri kitu. Alipokuja nikampa.

Aliisoma anwani. Hakuifungua. Alipitisha kidole gumba juu ya jina, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Wamemwandikia yeye," akasema.

"Ndiyo, mzee. Lakini hii lazima nirudishe. Ndio kanuni. Mtu akiwa hayupo tunaandika sababu hapa juu, halafu inarudi ilikotoka."

"Mnaandika sababu gani?"

Nikamwonyesha kalamu nyekundu, kana kwamba kalamu ndiyo yenye makosa. "Amefariki."

Aliitazama kalamu. Nyuma yake hakukuwa na mtu, ilikuwa saa ya joto na mji umelala.

"Godoro nililifumua, Muthoki," akasema. "Aliniambia nikamtii. Nalala katikati. Lakini hawa watu hawana habari. Katika nchi hii nzima wao peke yao ndio hawana habari. Usiwaambie."

"Niandike nini basi? Hajulikani?"

"Anajulikana."

"Amehama?"

"Kahamia wapi?"

Posta haina neno jingine. Nikamsukumia bahasha kidogo, nikamwuliza, "Sasa wewe unataka niandike namna gani?"

"Andika ametoka."

Nikaandika kwa mwandiko wangu wa shule, herufi kubwa, polepole: AMETOKA. Jabiri aliisoma kichwa chini kutoka upande wake wa kaunta, akangoja wino ukauke, kisha akasema, "Haya. Sasa ipeleke."